Nauli kabla ya miwani: jibu kwa mwalimu wa Nyalenda

Swali la msomaji: "Daktari, nafundisha gredi ya nne katika shule ndogo ya mtaani hapa Nyalenda, Kisumu. Wanafunzi wengi wanatoka nyumba ambazo chakula cha jioni hakina uhakika. Nina msichana wa miaka 10 anayenakili kila kitu kutoka daftari la jirani yake, na wenzake wanamwita mjinga. Nashuku haoni ubao. Wazazi wamechanga, mhisani mmoja akaongeza, na sasa tuna shilingi 40,000. Wengine wanataka madawati, wengine tuite kambi ya macho ya siku moja. Mimi najiuliza: kwa mtoto ambaye hata viatu hana, je, macho yanabadilisha maisha yake kweli?"

Mwalimu, nianze na huyo msichana, kwa sababu bila kujua ameshakueleza nusu ya shida yake. Mtoto anayenakili daftari la jirani na kuandika sawasawa anaona karibu, anazijua herufi, na mkono wake ni mwepesi. Kinachomshinda ni zile mita nne au tano kati ya dawati lake na ubao. Amejitafutia njia ya kuzunguka tatizo ambalo hata jina lake halijui, na mimi hiyo naiita akili. Siwezi kumpima kwa barua, lakini ningekuwa wewe, kesho asubuhi ningemketisha dawati la mbele na kuwakataza wenzake hilo jina la mjinga.

Usingoje akuambie kwamba haoni. Hajui. Macho yake yamebadilika polepole mwezi baada ya mwezi, naye anadhani kila mtu huuona ubao kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Watoto wanapovaa miwani mara ya kwanza huwa nawauliza wameona nini, na wengi hawautaji ubao. Wanataja majani ya mti, kwamba kumbe yako moja moja. Msichana mmoja wa Ahero aliniambia kwamba sasa anamtambua mama yake akiwa bado ng'ambo ya barabara. Zamani alingoja mpaka mama aongee.

Sasa lile swali lako kubwa. Nimefanya kazi katika kliniki za macho za ukanda huu wa ziwa zaidi ya miaka 20, na nakujibu ndiyo, tena kwa mtoto maskini kuliko kwa mwingine yeyote. Mtoto wa nyumba yenye uwezo asipouona ubao ana kitabu chake mwenyewe, ana mwalimu wa jioni, ana mzazi atakayegundua anavyoisogelea runinga. Darasani kwako watoto watatu au wanne wanagawana kitabu kimoja. Ubao ndio kitabu chao. Asiyeuona amekosa somo zima, na nyumbani hakuna mahali pa kulifidia. Macho yale yale, ugonjwa ule ule, lakini uzito wake hauwi sawa katika nyumba mbili.

Umri nao unakwenda. Kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tatu mtoto hujifunza kusoma; kuanzia ya nne, darasa lako, anasoma ili ajifunze mengine yote. Aliyekosa miaka mitatu ya mwanzo anaingia kwako akiwa na deni. Anaambiwa ni mzito, na baada ya muda anaamini. Anaanza kukosa shule siku za Jumatatu, kisha wiki nzima. Mvulana utamkuta Dunga akibeba samaki au akiosha pikipiki, msichana utasikia amepelekwa mjini kulea mtoto wa mtu. Ukiuliza kwa nini waliacha shule, utaambiwa karo, au utaambiwa hawakupenda masomo. Hakuna atakayekuambia ni macho, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyapima.

Na hili limepimwa. China magharibi, katika utafiti uliochapishwa 2014, watoto zaidi ya 3,000 wa shule za msingi 252 walikutwa na macho yasiyoona mbali. Waliopewa miwani bure walipata alama bora za hisabati mwishoni mwa mwaka kuliko wale waliopewa karatasi ya vipimo peke yake, ingawa watafiti walipofika darasani bila taarifa walikuta chini ya nusu yao wameivaa. Baltimore, Marekani, wanafunzi zaidi ya 2,000 walifuatiliwa, na matokeo yalichapishwa 2021: baada ya mwaka mmoja waliopewa miwani walisoma vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa mkiani. Baada ya mwaka wa pili faida hiyo haikuonekana tena. Naona sababu yake si ngumu kukisia, kwa maana hata hapa nyumbani miwani ya mtoto huvunjika, hupotea, au macho hukua yakaiacha nyuma. Likumbuke hilo tukifika kwenye zile shilingi zako.

Lakini miwani ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Iko sehemu ambayo bado inaninyima usingizi. Macho hayaoni peke yake. Ubongo ndio unaojifunza kuona, na unajifunza utotoni. Jicho moja likileta picha mbaya, au likiwa na makengeza, ubongo wa mtoto hulipuuza na kutumia lile zuri. Ukilirekebisha akiwa na miaka minne au mitano, kwa miwani na kwa kuliziba lile zuri saa chache kila siku, linaamka. Ukingoja apite miaka saba au minane kazi inakuwa ngumu, na mara nyingi ukubwani hairudishiki tena. Udongo upatize ungali maji.

Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka tisa aliyekuwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi ya jicho, macho yote mawili tangu kuzaliwa. Nyumbani walidhani ni mapenzi ya Mungu, kisha wakajaribu dawa za miti, kisha wakakosa nauli, kisha baba akafariki. Operesheni ilifanyika vizuri, lenzi zikawekwa, mboni zikawa nyeusi na safi. Siku ya kutoa bandeji familia nzima ilikuja ikiwa imevaa nguo za Jumapili. Mtoto alitazama huku na huku, akaona mwanga na vivuli vya watu, na hakuenda mbali zaidi ya hapo, maana ubongo wake haukuwahi kufundishwa kazi ile. Mtoto mwenye ukungu mzito wa aina hiyo anafaa kufanyiwa operesheni akiwa na majuma machache tu, na yeye alikuwa amechelewa miaka tisa. Leo yuko shule ya wasioona ya Kibos, hapo nje ya mji wetu, anasoma nukta nundu kwa kasi, na ninajivunia. Hata hivyo angeweza kuwa anasoma kwa macho.

Kwa hiyo, mwalimu, kama una darasa la watoto wadogo, au dada zako wana watoto wachanga, waambie hili: wakiona weupe ndani ya mboni, hata ikiwa ni kwenye picha ya simu tu, jicho moja liking'aa jeupe na lingine halifanyi hivyo, wampeleke mtoto kliniki wiki hiyo hiyo. Unaweza kuwa mtoto wa jicho. Inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano, na ikiwahiwa mtoto huishi. Operesheni za watoto wadogo kiasi hicho mara nyingi zinahitaji hospitali kubwa kama kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, lakini safari inaanzia kliniki ya karibu.

Sasa pesa. Nitasema wazi ninachofikiri: msiite kambi ya siku moja.

Nimefanya kambi nyingi, na sizidharau. Lakini nakumbuka moja, miaka mingi iliyopita, ambapo tulipima watoto wa shule kadhaa kwa siku mbili, tukapiga picha na viongozi, tukaandika majina ya waliohitaji miwani na matibabu, tukaondoka. Miezi sita baadaye nilipita pale. Watoto wachache mno walikuwa wamefika hospitali. Barua za rufaa zilikuwa nyumbani, zimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo au zimetumika kuwashia jiko. Tuliwaambia wazazi maskini kwamba watoto wao wana ugonjwa, kisha tukawaachia safari. Bado naiona aibu hiyo.

Safari hiyo ndiyo mahali ambapo watoto hupotea, na ushahidi bora tunao hapa magharibi. Huko Trans Nzoia, shule 50 na watoto zaidi ya 20,000, walimu kama wewe ndio waliopima macho. Katika nusu ya shule walitumia kadi ya kawaida na kumpa mtoto barua. Katika nusu nyingine walitumia simu yenye programu ya kupima macho, iliyokuwa imejaribiwa kwanza kwa watu wazima huko Nakuru, na mzazi akapelekewa picha inayomwonyesha jinsi mtoto wake anavyouona ubao, kisha akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha. Matokeo yalichapishwa 2018. Kwa barua peke yake, walioandikiwa rufaa wakafika hospitali walikuwa 22 katika kila 100. Kwa picha na ujumbe walikuwa 54. Zaidi ya mara mbili. Naomba uitazame pia hiyo 54 kwa upande wake wa pili: hata kwa njia bora, karibu nusu hawakufika.

Ile picha ilifanya kazi kwa sababu mzazi hawezi kuvaa macho ya mwanawe. Nyanya mmoja, nilipomwambia mjukuu wake anahitaji miwani, aliniuliza kwa upole kwa nini mtoto apelekwe Miwani, kule kwenye miwa. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuivaa, neno lenyewe kwake lilikuwa jina la mahali. Tangu siku hiyo siongei sana. Nachukua karatasi laini ya plastiki iliyokwaruzwa, namwekea mzazi mbele ya macho, namwambia asome bango la ukutani. Ananyamaza kidogo, halafu anauliza tunaanza lini. Hiyo karatasi unaweza kuitengeneza mwenyewe, mwalimu.

Kwa hiyo ningezigawa hivi. Kupima mtafanya wenyewe, na karibu bure. Mwombe afisa wa kliniki ya macho pale Jaramogi, ile hospitali ambayo wazee wa Kondele bado wanaiita Rasia, akupe chati ya E na akufundishe asubuhi moja. Mtoto anasimama mita sita, anaziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, na kwa mkono mwingine anaonyesha miguu ya E inaelekea wapi. Hahitaji hata kujua kusoma. Kila jicho peke yake, maana macho mawili yakifunguliwa pamoja lile zuri humficha mwenzake. Anayeshindwa mstari wa chati ulioandikwa 6/12 kwa jicho lolote, mpime tena kesho yake, na akishindwa tena mwandike. Waandike pia wenye makengeza, wanaolalamika kichwa kuuma wakisoma, na wanaosugua macho kila wakati, hata kama chati wameipita, kwa sababu chati ya mbali haikamati kila kitu. Walimu watatu mtamaliza shule nzima kwa alasiri chache.

Pesa zote zilizobaki ziende kwenye safari na yanayofuata. Nauli ya mtoto na mtu mzima mmoja, mara mbili, kwa sababu siku ya kupimwa si siku ya kuchukua miwani. Ada ya kadi kwa asiyeweza. Mwulizeni mapema mhudumu wa SHA, bima ya afya ya serikali, ni nini kinacholipiwa, msingoje kuulizia dirishani mtoto akiwa analia njaa. Kipande cha mkate na chai, maana foleni ni ndefu. Kisha bei ya miwani yenyewe, ambayo mzazi naye achangie hata kidogo ikiwa anaweza, kwa sababu kitu alichokitolea jasho atakiangalia. Na theluthi moja hivi iwekeni pembeni msiiguse, ya fremu zitakazovunjika na ya kupima tena mwaka ujao. Mkumbuke wale wa Baltimore.

Nina ombi moja kuhusu siku ya hospitali. Mtoto akipimwa vizuri hutiwa matone ya kupanua mboni. Atakuwa anaumizwa na mwanga na hataweza kusoma kwa siku nzima, na kuna dawa nyingine inayodumu wiki au zaidi. Mwambieni mama mapema. Wapo waliorudi nyumbani wakisema hospitali imemharibu mtoto macho, na mtaa mzima ukakataa kwenda.

Ile miwani ya kuning'inizwa pale soko la Kibuye ni ya wazee wa kusoma gazeti. Mtoto asinunuliwe hata ikiwa ni nafuu.

Kuivaa ndiko kugumu kuliko kuipata, na hapa wewe una nguvu kuliko mimi. Wenzake watamwita macho manne. Jirani atamwambia mama kwamba miwani huharibu macho, na kama ni msichana ataongeza kwamba hataolewa. Miwani haiharibu macho. Macho ya mtoto hubadilika kwa kuwa anakua, awe ameivaa au hajaivaa. Sema hivyo kwenye mkutano wa wazazi, kwa Kidholuo ikibidi, na ulirudie. Darasani, mpe mtoto kazi ya heshima siku ya kwanza anapoivaa, kama kuwasomea wenzake kutoka ubaoni. Shule moja huko Vihiga, mwalimu mkuu aliyezoea kuficha miwani yake mfukoni alianza kuivaa gwaride la asubuhi, na sijui mahubiri gani yangefanya zaidi ya hapo.

Jambo jingine ambalo naliona karibu kila siku. Watoto wa huku wengi husumbuliwa na mzio wa macho: yanawasha, mekundu, yana utando kama uzi, mtoto anayasugua mpaka ngozi ya kando inakuwa nyeusi. Mama anakwenda duka la dawa, anauziwa matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na siku mbili tu macho yanapoa. Yakirudi anayanunua tena, miezi na miaka. Dawa hiyo ikitumiwa bila kupimwa hupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuona taratibu, bila maumivu, na ukishakufa haurudi. Nimewaona vijana wa sekondari waliopofuka hivyo. Ukiwa na mwanafunzi anayebeba kichupa cha matone mfukoni, soma jina la dawa, uliandike, umpeleke nacho kliniki.

Kwa wale wadogo wa chekechea: chanjo ya surua isikosekane, na vitamini A kila miezi sita tangu miezi sita hadi miaka mitano, inayotolewa bure kituo cha afya. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo akina mama wengi wa huku sasa wanalima, ni chakula kizuri cha macho. Hayo ni ya kuzuia, na mengi yanajulikana, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nirudi kwa wazazi wanaotaka madawati, na niwe mkweli kwao. Kama watoto wanalala njaa, miwani haitawashibisha, na kama ningeambiwa nichague kati ya uji wa saa nne na miwani ningeshika uji. Lakini hamkuambiwa hivyo. Kati ya watoto wote wa shule, wanaohitaji miwani watakuwa wachache, na ndiyo sababu shilingi hizo zinaweza kuwafikia wote, hadi mwisho wa safari. Kwa madawati zitanunua machache, na yule msichana atakalia moja jipya huku akinakili kwa jirani.

Mwisho kuna watu ambao hukuwauliza, lakini siwezi kuwaruka. Watoto wengi wa Nyalenda wanalelewa na nyanya zao, na nyanya asiyeona karibu hawezi kukagua kazi ya nyumbani wala kusoma barua yako ya shule. Bangladesh ilipimwa, matokeo yakatoka 2024: watu wazima wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea, kipato chao kilipanda kwa takriban theluthi moja katika miezi minane. Kipato hicho ndicho kinachonunua daftari. Na wapo nyanya waliopofushwa kabisa na mtoto wa jicho, ambao mjukuu ndiye fimbo yao. Mwalimu, fungua rejista yako utazame nani hukosa shule siku za soko na siku za kanisa la katikati ya wiki. Niliwahi kumfuata mtoto wa aina hiyo nikamkuta macho yake ni mazima kabisa, anashika ncha moja ya fimbo na bibi kizee ncha nyingine. Tulimfanyia operesheni nyanya, si mtoto. Jumatatu iliyofuata mtoto alikuwa darasani.

Huyo msichana wako, usingoje kamati ikae. Mpime kesho, jicho moja moja. Akishindwa, mpeleke wiki hii kwa nauli ya shule, na yeyote anayemlea aende naye. Mkifika kliniki, mwombe aliye zamu ampime na huyo mlezi.